Mzee wa Josho na Kaa Wake Sita

Kabla hujaanza kucheka, nikwambie mapema: mjinga katika habari hii ni mimi. Nimeihadithia mara nyingi kwenye foleni ya bomba, na kila mara nimejaribu kuipindua ili mjinga awe mtu mwengine, lakini haipinduki. Basi naiandika ilivyo.

Wakati ule nilikuwa nauza maji Ukunda kwa mkokoteni. Darasa la nane nilikuwa nimelimaliza kwa alama ambazo mwalimu alizisoma polepole, kama mtu anayesoma tanzia. Wateja nilikuwa nao, wenye vioski, mafundi wa mawe, kina mama wa maandazi, na wote walitaka maji matamu. Mteja mmoja tu ndiye aliyekuwa akitaka ya chumvi. Huyo alikuwa mzee mmoja wa bara aliyekaa Bongwe, sote tukimwita Mzee wa Josho. Kabla ya kustaafu alikuwa msimamizi wa josho la ng'ombe, lile shimo refu la maji ya dawa ambamo ng'ombe hupitishwa mmoja mmoja ili kupe wafe. Kila baada ya wiki mbili nilikuwa nikimpelekea mtungi mmoja wa maji ya bahari, na malipo yangu yalikuwa mayai.

Kwa nini asiende kuyateka mwenyewe? Alikuwa akiogopa bahari. Alikuwa amekaa Pwani miaka ishirini na zaidi na hajawahi kulowesha hata kidole cha mguu. Nikamuuliza siku moja, "Mzee, bahari imekukosea nini?"

Akafikiri kwa muda ambao ningeuza mitungi miwili. Kisha akasema, "Hapana ona upande ingine."

Kiswahili chake kilikuwa hicho hicho. Nyanya yangu akipita pale na kusikia nikimwamkia mzee shikamoo, naye akaitika "mzuri", alikuwa akisonya njia nzima mpaka nyumbani. "Miaka ishirini," alikuwa akisema, "hata marahaba imemshinda."

Maji yale yalikuwa ya kaa wake. Si kaa wa kuliwa. Ni wale wadogo wa nchi kavu, wenye tumbo laini, wanaojitia ndani ya kombe tupu la konokono wa bahari na kutembea nalo. Kombe likibana huhamia jengine. Sisi tuliozaliwa huku tunawajua kama tunavyojua nzi. Tuliwafanya chambo, tukawashindanisha mbio, tukawasahau mifukoni mpaka mama akapiga yowe akifua. Lakini kumfuga? Ni kama kufuga kunguru.

Yeye alikuwa nao sita. Aliwaweka upenuni ndani ya hori kuukuu la saruji, lililokuwa la kulishia ng'ombe, akalijaza mchanga mbichi kina cha mkono mpaka kiwiko, na juu akafunika kwa wavu wa kuku. Mle ndani kulikuwa na kisahani cha maji matamu na kisahani cha maji yangu. Wote walikuwa na namba kwenye makombe yao, kwa rangi nyeupe, Moja mpaka Sita, kama ng'ombe wa serikali. Kaa akihama, mzee alikuwa akisugua namba kwenye kombe la zamani na kuiandika upya kwenye jipya. Nikamwambia si aache tu namba pale ilipo, atapunguza kazi. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa avae suruali ya jirani.

"Namba ni ya mtu," akasema. "Hapana ya nyumba."

Namba Nne ndiye aliyekuwa mkubwa, karibu ngumi ya mtoto, na miaka tisa alikuwa naye. Jinsi alivyompata nilielezwa na mkewe, mama mmoja mnene, mcheshi, mfugaji wa kuku, ambaye maneno yote ya nyumba ile alikuwa ameyachukua yeye. Alisema kaa yule alikuja mwenyewe mpaka josho. Mzee akamwona akielekea kwenye shimo la dawa, akamgeuza kwa fimbo. Kaa akarudi. Akamgeuza tena. Mara ya tatu akamvulia kofia, akamtia ndani na kuja naye nyumbani. "Nikadhani ameleta nyama," mama akaniambia. "Nikaweka sufuria motoni."

Sasa nikueleze lililokuwa likiniudhi kwa mzee yule, maana lazima nilitoe. Hakuwa akijibu maswali. Ungemuuliza jambo, angekuuliza, "Ukijua utafanya nini?" Mimi ni mtu wa maswali. Swali ndilo linalonifanya nisukume mkokoteni nisilale. Kwa nini wanataka maji ya aina mbili? Ukijua utafanya nini. Kwa nini Namba Mbili anakula makumbi ya nazi? Ukijua utafanya nini. Siku moja nikamwambia, "Mzee, nikijua nitajua." Akanipa yai moja la ziada, nafikiri ili ninyamaze.

Alichokuwa akikionyesha ni kazi ya mikono tu. Adui yake mkubwa alikuwa utitiri, wale wadudu wadogo kama vumbi wanaotoka kwa kuku na kwenye chakula kilichochacha. Wakiingia kwa kaa wanajikusanya kwenye maungio ya miguu na ndani ya kombe, kaa anakosa raha, anavuta mguu, anaacha kula. Kila asubuhi alikuwa akimweka kaa mmoja mmoja kwenye sahani nyeupe ya bati na kuinama na miwani yake yenye kioo kimoja. Ukiona vumbi linatembea, basi si vumbi. Alikuwa akimwosha kwa maji yangu ya bahari kwa unyoya wa kuku, polepole, kama anayemsafisha mtoto masikio. Kisha jioni aliweka ganda la papai pembeni mwa hori. Utitiri ukishalijaa, asubuhi alilichukua kwa kijiti na kulichoma.

Mtu huyu, kumbuka, alikuwa ameua kupe kwa dawa miaka ishirini, na kipipa cha dawa ile kilikuwa bado kimekaa nyuma ya choo chake. Nikamwambia atie tone moja, amalize kazi. Ndiyo siku pekee niliyomsikia akisema sentensi ndefu.

"Dawa inaua kupe," akasema, "inaua na mwenye kupe. Mwenye kupe anachelewa tu."

Na huku alikuwa hana huruma na binadamu. Watoto wakija kuchungulia kaa aliwafukuza kwa fimbo. Padri alipokuja kumtembelea alimwacha na mama, akaenda kuchoma maganda. Lakini mwaka wa vurugu, watu wa bara walipofukuzwa na vijana wa huku kwetu, wakawa wakifunga virago na kuhama usiku na mchana, yeye alikataa. Mkewe alikuwa ameshafunga magodoro. Mzee akasema kuna wawili wameshuka mchangani na hawezi kuwahamisha. Nilipompelekea maji wiki ile, alitazama kwanza mikono yangu, kisha mtungi, kisha uso. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu ninayemletea maji. Akapokea mtungi, akasema, "Umechelewa siku mbili." Basi. Nilikasirika wiki nzima, na sikujua nimkasirikie nani.

Huko kushuka mchangani ndiko kulikonitia matatani. Kaa yule akikua, gamba la mwili wake linambana. Hujizika chini ya mchanga, wiki nyingi, akajivua gamba zima, miguu, gando na macho, akatoka mpya. Mimi leo nakueleza vizuri hivi. Wakati ule nilichojua ni kwamba kaa anazama na baadaye anatoka, kama wageni wa hoteli.

Mwaka uliofuata vurugu, mguu wa mzee ulivimba, akatakiwa alazwe Msambweni apasuliwe. Mkewe alikuwa aende naye, akae kwa ndugu yake kule kule. Wakaniita mimi. Kuku nilinde, kaa nilinde. Namba Nne alikuwa ameshashuka wiki tatu nyuma, na mzee alikuwa amemwandalia kombe jipya, kubwa, zito, aliloletewa na mtu wa kisiwa cha Wasini kwa kubadilishana na jogoo. Alikuwa amelisugua kwa mchanga laini mpaka likang'aa ndani kama kikombe. Akaliweka juu ya mchanga pale pale, mlangoni mwa mtu, ili akitoka alikute. Namba Nne alikuwa hajapata kombe la kumtosha miaka miwili. Mzee alikuwa akilisubiri jambo hilo kuliko alivyosubiri mguu kupona, na mtaa mzima ulikuwa ukimcheka kwamba anamngojea maiti afufuke.

Maagizo yangu yalikuwa haya, neno kwa neno.

"Namba Nne iko chini. Hapana chimba."

"Mpaka lini, mzee?"

"Mpaka atoke."

"Na akifa?"

"Utajua."

"Nitajua vipi?"

"Utajua."

Mama akacheka, akampandisha kwenye gari.

Siku tano mambo yalikwenda sawa. Siku ya sita niliosha visahani, nikasahau kurudisha wavu. Niliporudi jioni nikakuta kuku mwekundu amekaa ndani ya hori, kwenye mchanga ule mbichi wa baridi, ametaga. Mtu mwenye akili angemtoa. Mimi nikatazama yai, nikakumbuka kwamba malipo yangu ni mayai, nikaona kuku huyu ananirahisishia hesabu. Nikamwacha. Akataga pale siku nne.

Siku ya tano ya kuku yule mikono ilianza kuniwasha. Nikamweka Namba Moja kwenye sahani nyeupe: vumbi linatembea. Namba Tatu: linatembea. Kingo za hori zilikuwa zikichemka. Nikamfukuza kuku, lakini alikuwa ameshawaacha wageni wake. Nikawaosha wale watano kwa unyoya, saa mbili nzima, mgongo ukaniuma. Asubuhi wamejaa tena. Nikaosha. Wakajaa. Ganda la papai likawa jeusi, nikachoma, nikaweka jengine, likawa jeusi. Namba Mbili akaanza kutoka nusu kwenye kombe lake, kama mtu anayekimbia kunguni. Nilikuwa nikijikuna mpaka kwenye foleni ya bomba watu wananipa nafasi.

Nikamuuliza nyanya. "Majivu," akasema. Kwa kuku, ndiyo. Fundi mmoja akasema mafuta ya taa. Kipipa cha dawa kilikuwa kikinitazama nyuma ya choo. Nakiri nilikifungua, nikanusa, nikakumbuka yale ya mwenye kupe anachelewa, nikakifunga. Hilo mnisifu, maana hakuna jengine la kunisifu.

Nikapiga bongo. Wadudu wako mchangani. Nikitoa mchanga wote, nikachemsha maji nikalimwagia hori, nikaleta mchanga mpya, nitamaliza vita. Nikachukua makombe matano nikayatia ndooni. Halafu nikasimama. Hapana chimba. Lakini mle chini alikuwa mmoja, peke yake, na utitiri wote ule ulikuwa ukishuka kwake. Nikimwacha wanamla. Nikimchimbua navunja agizo. Ningempigia nani simu? Nikamlaani mzee kwa sauti, kuku wakaniangalia. Mtu anakuachia roho ya kiumbe na maneno mawili.

Nikachimba kwa mikono, taratibu. Karibu na chini nikagusa miguu. Nikaivuta, ikaja: miguu, gando kubwa la zambarau, vijiti vya macho, vyote vimekauka, vyepesi, havina mtu. Pembeni yake lilikuwa kombe lenye namba nne. Nikachungulia. Ndani kabisa kulikuwa na kitu cheupe chenye wekundu, laini, kimelowa, kimejikunja, na utitiri unakitembelea. Nikasema, kimeoza. Miguu imeshaanguka, kilichobaki ni uozo. Nikakaa chini. Wallahi machozi yalinilenga, na ilikuwa kwa kaa.

Nikamwaga mchanga wote nyuma ya jiko, na lile kombe la uozo nalo huko huko. Nikachemsha maji, nikaunguza hori, nikasomba mchanga mpya. Ile miguu nikaikusanya, nikaifunga kwenye gazeti vizuri, nikaazima baiskeli, nikaenda Msambweni kutoa habari. Habari ya msiba haitumwi kwa mtu. Hivyo ndivyo tulivyolelewa.

Mzee alikuwa kitanda cha mwisho dirishani, mama amekaa pembeni akimenya chungwa. Nikamwekea lile gazeti mapajani, nikasimama, nikaunganisha mikono.

"Mzee, shikamoo."

"Mzuri."

"Mzee, nimekuja kwa jambo zito. Kazi ya Mungu haina makosa. Namba Nne ametutangulia."

Mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee wa Kidigo mwenye bendeji kichwani, akainuka. "Inna lillahi. Pole, jirani. Mtoto wako wa nne?"

"Ni kaa," mama akamwambia.

"Alikuwa akikaa naye?"

"Kaa, baba. Kaa wa baharini."

Yule mzee akajilaza polepole, akageukia ukutani, mabega yakimtikisika.

Mzee wa Josho alikuwa hajasikia lolote kati ya hayo. Alikuwa amefungua gazeti juu ya shuka. Akachukua mguu mmoja kwa vidole viwili, akauinua mbele ya dirisha. Mwanga ukapita mpaka upande wa pili. Akachukua gando, akalipuliza, likatoa sauti kama filimbi mbovu. Uso wake ukaanza kufunguka kwa furaha, na mimi nikadhani dawa za hospitali zimempanda kichwani.

"Hii koti," akasema. "Amevua koti yote, hata ya macho." Kisha akaniangalia. "Mwenyewe umeweka wapi?"

Kumbe nilichokimwaga nyuma ya jiko hakikuwa uozo. Nilitoka mle nikikimbia, nikapanda baiskeli, na kutoka Msambweni mpaka Bongwe sikumwamkia mtu.

Nyuma ya jiko kuku walikuwa wameshautawanya mchanga. Kombe nililiona mbali, namba ikiwa juu. Siafu walikuwa wamepanga mstari, wanaingia, wanatoka, na waliokuwa wakitoka walikuwa wamebeba.

Mzee aliporudi nyumbani na mkongojo, nilikuwa nimejiandaa kwa fimbo. Nilikuwa nimeitaka fimbo. Nilikuwa hata na hotuba: kwamba mtu asiyeeleza asilaumu, kwamba angenipa maneno matano zaidi Namba Nne angekuwa hai, kwamba "utajua" si agizo. Hakunigombeza. Alihesabu watano, akawatia kwenye sahani, akaona ni wasafi, akaingia ndani. Kombe la Wasini aliliacha juu ya mchanga. Mama akanipa mayai yangu yote, na mimi nikayapokea, kisha nikaacha kwenda. Maji ya bahari akawa anapelekewa na mwengine. Kwa miezi mingi nilikuwa nikipita njia ya mbali ili nisilione lile paa, na njiani nilikuwa nikiendelea na ile hotuba, peke yangu, nikimshinda kila mara.

Ukapita mwaka na kitu. Siku moja mama akanikuta bombani. "Mzee anakutaka."

Nilimkuta upenuni. Macho yalikuwa yameanza kumwacha, miwani ameiweka mfukoni maana haikuwa na kazi tena. Sahani nyeupe sasa alikuwa akiishika mama. Nikamwamkia, akaitika anavyoitika. Akanionyesha kigoda.

"Wewe Maji," akasema. Ndivyo alivyokuwa akiniita. "Ile siku. Ulimuona?"

"Nani?"

"Namba Nne. Bila koti."

Hapo ndipo nilipofahamu. Miaka tisa yote ile hakuwahi kuchimba hata mara moja. Alikuwa akiwasubiri juu, wanashuka wa zamani, wanapanda wapya, na kilichotokea katikati hakukijua. Aliyekiona alikuwa mimi.

"Nilimwona, mzee."

"Rangi gani?"

"Mweupe. Na wekundu kwa ndani, kama pera lililokatwa."

"Gando iko laini?"

"Sikuligusa. Lilikuwa limekunjwa kifuani, na siku ile sikulifahamu kuwa ni gando. Lilikuwa kubwa kuliko lile la kwenye gazeti."

"Kubwa kiasi gani?"

Nikamshika mkono, nikampimia kwenye kidole gumba chake. Akakishikilia kidole hicho kwa mkono wa pili. Akauliza macho yalikuwa rangi gani, akauliza kama kulikuwa na maji ndani ya kombe, akauliza alikuwa amelala upande upi. Nikamjibu yote. Mtu wa ukijua utafanya nini, aliuliza maswali mpaka kivuli cha paa kikatufikia miguuni.

Mwisho akauliza lile nililokuwa nikilikimbia.

"Alisogea?"

Hata nyanya sikuwahi kumwambia hili.

"Alisogea, mzee. Kidogo. Nikadhani ni utitiri."

Alikaa amekishika kile kidole. Nikaaga, nikaondoka.

Mama akanisindikiza mpaka kwenye mikorosho. Alikuwa hajatia neno hata moja muda wote ule, jambo ambalo kwake yeye ni kama kufunga siku tatu. Akasimama, akanishika kiwiko.

"Kesho uje umwambie tena," akasema. "Na usiongeze kitu."